Serikali Inahitaji Jina Kwenye Logibuku, Si Asilimia ya Zawadi

Ukimpa mdogo wako gari hapa Uganda, hakuna atakayekudai asilimia ya thamani yake. Ukibadilishana na jirani, wewe ukatoa Noah naye akatoa Premio na milioni tatu juu, hali ni ileile. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 inamhusu aliyesajiliwa kwa kodi hiyo na anayeuza ndani ya biashara yake, na sheria humlazimisha kujisajili pale mauzo yanapovuka shilingi milioni 150 kwa mwaka. Mwalimu wa Jinja anayeuza gari aliloendea kazini miaka yote hiyo si mfanyabiashara wa magari. Sheria ya kodi ya mapato nayo haihesabu kuwa mapato mali uliyopewa zawadi au uliyorithi, mradi haikutokana na ajira wala biashara yako. Kodi ya zawadi hatuna, kodi ya mirathi hatuna. Utalipa ada ya kubadilisha jina kwenye usajili na ushuru mdogo wa stempu kwenye makubaliano, basi.

Wapo wanaoliona hilo kuwa tundu. Magari yanauzwa kila siku, pesa nyingi zinapita mkononi, na hazina haipati kitu. Kwa nini tusifanye kama majimbo mengi ya Marekani, ambako ukinunua gari, hata kuukuu, hata kwa mtu binafsi, unalipa kodi ya mauzo kabla jina lako halijaandikwa? Hoja hiyo inavutia ukiitazama kwa mbali. Ukiisogelea, inakosa miguu.

Kodi ya gari la Uganda hulipwa mpakani, tena yote kwa pamoja. Chukua gari lenye thamani ya shilingi milioni 20 kwa hesabu ya forodha, yaani bei, bima na nauli ya kulifikisha. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5. VAT haipigwi juu ya ile milioni 20 peke yake, inapigwa juu ya milioni 25, maana ushuru umeshaongezwa, kwa hiyo ni milioni 4.5. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni milioni 1.2. Tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni laki tatu. Jumla ni milioni 11, zaidi ya nusu ya thamani ya gari, na bado hatujagusa ada za usajili wala tozo ya mazingira, ambayo kwa gari kuukuu huweza kufika nusu ya thamani hiyo. Anayeagiza Premio iliyokwisha kuzeeka Japani mara nyingi anamlipa mtoza ushuru zaidi ya alivyomlipa mwuzaji. Na usidhani utaipunguza kwa kupeleka risiti ya bei nafuu, kwa sababu URA, mamlaka ya mapato, ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na orodha hiyo ndiyo inayosikilizwa.

Tena ile kodi ya zuio ya asilimia 6 inastahili jicho la pili. Kwa mfanyabiashara ni malipo ya awali, ataidai kwenye hesabu zake za mwaka. Kwa muuguzi wa Mbale anayeingiza gari la familia na ambaye kodi yake yote hukatwa kwenye mshahara, ni pesa iliyokwenda. Ni wachache wenye muda na mhasibu wa kuifuatilia.

Sasa gari hilo likishatoka mpakani likaingia mtaani, kila anayelinunua baadaye analipia sehemu ya kodi ile, kwa kuwa imo ndani ya bei. Premio ya mtumba pale Nakawa ni ghali kuliko Premio kama hiyo Yokohama kwa sababu hiyohiyo. Kulitoza tena asilimia kila linapobadili mikono ni kukamua ng'ombe mmoja mara tatu kwa siku na kushangaa maziwa yamepungua.

Turudi kwa hao wanaotupa mfano wa Marekani, kwa maana wenyewe wana mengi ya kutufundisha, ila si yale wanayoyadhani. Texas hutoza asilimia 6.25 kwenye mauzo ya magari. Kwa sababu watu wakiwa wawili faraghani huandika bei wanayoitaka, jimbo lilijitengenezea bei elekezi: ukitaja bei iliyo chini ya asilimia 80 ya hiyo, unatozwa kwa hiyo asilimia 80, labda ulete tathmini ya mtaalamu. Watu wakahamia kwenye zawadi. Zawadi haikutozwa asilimia, inalipiwa dola 10 tu, kwa hiyo ghafla Texas ikajaa wakarimu wanaogawia watu wasiowajua magari. Mwaka 2009 sheria ikabanwa: zawadi ya dola 10 ni kwa mume na mke, wazazi na watoto pamoja na wa kambo, babu, bibi na wajukuu, ndugu wa kuzaliwa, mlezi wa kisheria, mirathi, na mashirika fulani ya hisani. Mtoaji na mpokeaji wanaapa kwa maandishi kwamba hakuna pesa iliyopita.

Jaribu kuileta orodha hiyo hapa. Baba mdogo aliyekulipia ada tangu darasa la kwanza hayumo. Mjomba hayumo, shangazi hayumo, na binamu mliyelala kitanda kimoja shule ya bweni hayumo. Siku ya kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, bwana harusi analeta gari kwa wakwe mbele ya mahema mawili ya mashahidi, na afisa wa kodi aanze kuuliza mkwe ni ndugu wa daraja gani? Ofisi ya serikali ikipewa kazi ya kuamua nani ni ndugu yako wa kweli, itaamua kwa njia tunayoijua sote. Kila aliyenunua gari atakuwa na kaka mpya, na kila kaka mpya atakuwa na barua yenye mhuri ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Hiyo ndiyo sababu ya kutoitoza zawadi. Kodi ya asilimia kwenye mikono ya watu binafsi hulipwa na mkweli, na mwongo hupata punguzo.

Lakini lipo eneo moja ambalo sisi tunatoza vibaya, na wale Texas wanatoza vizuri kuliko sisi. Ni pale mtu anapopeleka gari lake kuukuu kwa muuzaji rasmi, likahesabiwa thamani, akaongeza pesa na kuondoka na jipya. Texas inakutoza kwenye tofauti tu: gari la dola 20,000, la zamani limethaminiwa dola 8,000, kodi inapigwa juu ya 12,000, nayo ni dola 750. California haitoi nafuu hiyo. Inapiga juu ya 20,000 zote, na kwa kiwango cha chini cha jimbo cha asilimia 7.25 unalipa dola 1,450. Katika hili Uganda ni California. Sheria yetu ya VAT inasema thamani inayotozwa ni malipo yote, ya fedha na ya vitu. Gari lako kuukuu ni malipo ya kitu. Ukichukua gari la milioni 45 kwa kutoa lako la milioni 18 na kuongeza milioni 27, VAT iliyomo ndani ya bei inahesabiwa kwenye milioni 45 nzima, karibu milioni 6.9.

Hapo bado unaweza kusema ni haki, maana gari jipya ni la milioni 45 kwa vyovyote vile. Nakubali. Tatizo linaanza baada ya mteja kuondoka, lile gari kuukuu likiwa limebaki uani kwa muuzaji.

Amelipokea kwa milioni 18 kutoka kwa mtu asiyesajiliwa kwa VAT. Mtu huyo hawezi kumpa ankara ya kodi, na tangu Januari 2021 mfumo wa EFRIS wa risiti za kielektroniki ulipokuwa lazima, bila ankara hiyo hakuna cha kurudishiwa. Kwa hiyo VAT iliyolipwa mpakani miaka ile, iliyomo bado ndani ya ile milioni 18, inahesabika kana kwamba haikuwahi kulipwa. Muuzaji analiosha, anabadilisha tairi, anapiga rangi bampa, analiuza milioni 21. Yeye amesajiliwa, kwa hiyo bei yake ina VAT ndani: 21 mara 18 gawanya kwa 118, milioni 3.2. Alichoongeza juu ya bei ya kulipokea ni milioni 3. Kodi imekula faida yote, imegusa mtaji, na tairi bado hajazihesabu.

Muuzaji si mjinga. Ama atakuambia gari lako lina thamani ya milioni 13, ama atakuambia hapokei magari ya zamani, ama atakuelekeza kwa kijana fulani anayesimama nje ya geti. Kijana wa nje ya geti hajasajiliwa kwa lolote. Atalichukua kwa milioni 16 taslimu, ataliuza 19 kabla ya Jumapili, na hazina haitapata hata shilingi. Sheria iliyokusudia kukamata milioni 3.2 imekamata sifuri, na imemnyima mteja mahali pa kubadilishia gari penye risiti, ukaguzi na mtu wa kumrudia injini ikikohoa.

Dawa yake inajulikana na si ngeni. Uingereza humruhusu mfanyabiashara wa mitumba atozwe VAT kwenye faida yake tu, si kwenye bei yote. Afrika Kusini imepita njia nyingine: mfanyabiashara anaponunua bidhaa iliyotumika kutoka kwa mtu asiyesajiliwa, anaruhusiwa kudai kodi ya kukadiria iliyomo ndani ya bei aliyolipa. Kwa njia yoyote kati ya hizo, muuzaji wetu angelipa kama laki nne na nusu kwenye faida yake ya milioni 3. Hiyo ni pesa ambayo mtu anaweza kuilipa na bado akataka kuuza gari lingine kesho. Laki nne na nusu kutoka kwa kila gari linalopita kwenye uwanja wenye risiti ni nyingi kuliko milioni 3.2 ya kufikirika.

Nimesema zawadi haitozwi, na lazima niseme haraka mahali ambapo neno hilo halikukingi, kwa sababu watu wameumia. Forodha haijali kama ulilipa. Kaka yako aliyeko Dubai akikutumia gari kama zawadi, halina bei ya mauzo, lakini lina thamani, na kodi zote nilizotaja zitapigwa juu ya thamani hiyo. Anayerudi nyumbani kuishi ana msamaha chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki kwa gari moja, kama alilimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa angalau miezi 12. Gari la kaka yako si lako. Na gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa halifiki hata kwenye hesabu, limepigwa marufuku kuingizwa tangu 2018.

Halafu kuna Land Cruiser zilizotoka kwenye mashirika na balozi. Ziliingia bila kodi kwa sababu ya mwenyewe, na zikihamia kwa mtu asiye na msamaha, iwe kwa kuuziwa au kwa kupewa, kodi huamka kwa thamani iliyobaki. Shirika linalofunga mradi Gulu na kumwachia dereva wake wa miaka mingi gari kama asante linaweza kuwa limemwachia deni. Uliza hali ya ushuru kwanza, kabla ya kuuliza kilomita.

Mwajiri naye si shangazi. Gari analokupa liwe mali yako linaingia kwenye mapato ya ajira kwa bei yake ya soko. Gari la kazini unaloruhusiwa kulitumia kwa mambo yako huhesabiwa kwa kuanzia na asilimia 20 ya thamani yake kwa mwaka. Kwa gari la milioni 40 hiyo ni milioni 8 zinazoongezwa kwenye mapato yako yanayotozwa. Hayo ndiyo masharti ya karani na meneja. Wabunge wa Bunge la 11 walipewa shilingi milioni 200 kila mmoja mwaka 2021 kununulia magari, na ni Bunge, mwaka 2016, kabla ya hili la 11, lililopitisha kwamba posho za wabunge zisitozwe kodi ya mapato. Sina la kuongeza hapo.

Sasa nifike kwenye jina, ambalo kwangu ni kubwa kuliko VAT.

Magari mengi mtaani yana logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari, yenye jina la mtu ambaye hayuko tena kwenye hadithi. Dalali anakuambia, "Mzee, gari safi, logibuku hii hapa, fomu ameshasaini, picha zake hizi, wewe weka jina lako siku ukipenda." Siku ukipenda haifiki. Fomu ya uhamisho iliyosainiwa ikiwa na nafasi tupu ya mnunuzi inakuwa kama noti ya benki, inapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kila mmoja anaokoa ada na safari. Kuhamisha kunataka namba ya mlipakodi ya pande zote mbili, kunataka mwenye jina apatikane, na usajili wenyewe umehama kutoka URA kwenda Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, jambo lililowaacha wengi wakiuliza waanzie dirisha gani. Ada ikiwa kubwa machoni pa mtu wa kawaida, na hakuna kinachomsukuma, ataacha.

Na kweli hakuna kinachomsukuma. Zamani tulikuwa na leseni ya barabara ya kila mwaka. Ilifutwa mwaka 2007, kodi yake ikahamishiwa kwenye mafuta, na kwa upande wa mapato ulikuwa uamuzi wa busara: anayeendesha sana analipa sana, na hakuna wa kufukuzana na stika kwenye kioo. Ila pamoja na leseni tulipoteza kitu ambacho hatukukihesabu, ile siku moja kwa mwaka ambapo gari, mwenye gari na karatasi zake vilikutana mezani mbele ya serikali. Tangu hapo gari linaweza kuishi maisha yake yote likiwa na jina la mtu wa kwanza.

Gharama yake tuliiona Juni 2025. Serikali iliwasha mfumo wa faini za kamera za barabarani, faini za mwendo za shilingi 200,000 na 600,000 zikaanza kuandikwa kwa namba ya gari, na malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba mfumo ukasimamishwa ndani ya siku chache. Viwango vya mwendo na ukubwa wa faini vilikuwa sehemu kubwa ya kelele hizo, kweli. Lakini mfumo wowote unaofuata namba ya gari unamfikia aliyeandikwa, si aliyeshika usukani. Mtu aliyeuza gari na kulisahau anaweza kudaiwa mwendo wa barabara ya Masaka akiwa Lira. Na faini ni jambo dogo. Gari likigonga mtu na dereva akakimbia, polisi wanagonga mlango wa nani?

Upande wa pili una mateso yake. Mwenye jina akifariki kabla hujahamisha, ile fomu mfukoni haina tena mtu wa kuisimamia. Gari liko kwako, umelipa, una mashahidi, lakini kisheria liko kwenye mirathi ya marehemu. Itabidi uende kwa familia usiyoijua, wakiwa bado kwenye msiba, uwaombe wafungue maombi ya kusimamia mirathi mahakamani ili mtu apate uwezo wa kukusainia. Familia nyingi Uganda hazifungui mirathi hata kwa ardhi. Utaambiwa umsubiri mtoto mkubwa atoke Juba. Wakati huo shemeji wa marehemu ameshaanza kusema kwamba gari halikuuzwa, liliazimwa.

Kwa hiyo nikiulizwa Uganda ichukue nini kutoka Texas, nitasema ichukue zile dola 10. Asilimia 6.25 ibaki hukohuko. Ada ya kubadilisha jina iwe ndogo kiasi kwamba hakuna dalali anayeweza kumshawishi mtu aikwepe, iwe sawa kwa zawadi, kubadilishana na mauzo, ili pasiwe na sababu ya kudanganya ni ipi kati ya hizo tatu, na pasiwe na afisa wa kupima undugu. Muuzaji aruhusiwe kutoa taarifa peke yake, kwa simu, kwamba gari limetoka mikononi mwake siku fulani kwenda kwa mwenye namba fulani ya mlipakodi, na kuanzia hapo dhima iwe ya mpokeaji hata kama hajafika dirishani.

Hazina itapoteza kidogo kwenye ada. Itasemwa kwamba huu si wakati wa kupunguza chochote. Lakini ada isiyolipwa si mapato, na magari yanayotembea kwa fomu zilizosainiwa tupu tayari hayalipi. Yakihamishwa kwa bei ya chini, angalau faini zitapata mlipaji, bima itapata mwenye mali, na benki itaweza kumkopesha mtu kwa dhamana ya gari ambalo kweli ni lake.

Watakaopinga kwa nguvu hawatatoka hazina. Watatoka kwa wale wanaokaa nje ya ofisi na bahasha za kaki, wanaokutoza laki mbili "kufuatilia jina", na ambao kazi yao yote inasimama juu ya ugumu wa jambo linaloweza kuisha kwa dakika kumi kwenye simu.